Mstari wa Nne

Wimbo ulioimbwa Jumamosi iliyopita tulipomzika Mama Wambeti niliuiba kinywani mwake mwenyewe, kupitia ukuta wa mbao, nikiwa nimefungiwa kwa kufuli katika stoo ya kanisa. Nasema niliuiba kwa sababu ndilo neno nililolitumia moyoni kwa karibu miaka arobaini. Kwenye karatasi ya ratiba ya mazishi, chini ya picha yake akiwa amevaa sweta ya kijani, walikuwa wameandika kwamba huo ndio wimbo alioupenda, na kwamba Mungu alimpa Mwalimu Nkatha. Mwalimu Nkatha ni mimi. Nilikuwa nimeketi kwenye hema, kiti cha plastiki kikizama upande mmoja kwenye mchanga wa Siakago, na mwendesha ratiba alikuwa ameshaninong'oneza kwamba wimbo ukiisha nitasimama dakika mbili niwaeleze watu jinsi nilivyopewa. Nimeandika kumbukumbu za mikutano mingi maishani, ya shule na ya kanisa, na nimezoea kupanga mambo kwa mfuatano kabla ya kufungua mdomo. Basi wakati wanakwaya wakipanda jukwaani, vijana ambao wazazi wao walikuwa hawajaoana mwaka nilipouiba, nilianza kuyapanga.

Nilifika Siakago mwezi wa pili, mwaka ambao mvua za Machi zilikosa na watu wakaanza kupanga foleni kwa DO, afisa wa tarafa, kupewa mahindi ya manjano ya msaada. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikitokea Muthara, ambako asubuhi mtu huvaa koti na majani ya migomba hudondosha maji hata kama hakujanyesha. Kanisa la Siakago lilitaka mtu wa kufundisha darasa la watoto wadogo, na mimi nilitaka barua. Chuo cha ualimu hakikumpokea mtu bila barua ya kanisa iliyopigwa muhuri, yenye kusema kwamba ametumika na tabia yake inajulikana. Tulipatana kwamba nifundishe mwaka mmoja, nikae kwa Mwinjilisti Mugo, nile chakula chao, kisha nipewe barua. Katibu wa kanisa, aliyekuwa na muhuri, alikuwa Mwalimu Ireri, ambaye pia ndiye aliyeongoza kwaya. Alivaa koti la suti hata saa nane mchana, joto likiwa limewalaza mbuzi wote chini ya vichaka, na muhuri aliutembeza ndani ya mkoba wake pamoja na chaki na filimbi ndogo ya kutolea sauti.

Katika kwaya ile hakuna mtu aliyetunga wimbo. Nyimbo zilipewa watu. Aliyepewa alisimama mbele ya wenzake akasema alipewa wapi na akiwa anafanya nini: mmoja alipewa akipalilia pojo, mwingine akiwa kitandani na malaria, mwingine akifukuza ndege kwenye mtama. Mimi sikujulishwa. Jioni yangu ya pili ya mazoezi niliinua mkono nikasema nina wimbo, nikauimba, na nilipomaliza niliona wanawake wa sauti ya kwanza wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Mwalimu Ireri aliniuliza ni nani aliyenipa.

"Hakuna, Mwalimu. Nimetunga mwenyewe, jana, baada ya chakula."

"Basi kauimbe mwenyewe," alisema, akapuliza filimbi yake ili waendelee na wimbo mwingine. Mzee mmoja wa sauti nzito, fundi wa baiskeli, akamwambia jirani yake kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Huyo amepewa na githeri." Walicheka mpaka Mwalimu akagonga meza. Siku zilizofuata nilipopita sokoni, mtu angeniuliza kama githeri, yale mahindi na kunde tuliyokula kila jioni, imesema lolote. Ningeweza kuacha hapo. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa na wimbo ulikuwa mzuri, nikaona uchungu. Baada ya wiki tatu nikabadilisha mwanzo wake kidogo, nikainua mkono tena, nikasema nilipewa nikichota maji.

"Kisimani au mtoni?"

"Mtoni."

"Asubuhi?"

"Asubuhi, Mwalimu."

Alinitazama muda mrefu, akasema Bwana asifiwe, na kwaya ikajifunza wimbo huo kwa jioni mbili. Hivyo ndivyo nilivyojifungia, kabla ya mtu yeyote kuleta kufuli. Kwa sababu mwezi wa kumi na mbili makwaya ya parokia zote yalikuwa yakutane kushindana Embu mjini, na kila kwaya ilitakiwa kuja na nyimbo mpya, na Mwalimu Ireri akawa ameamini kwamba mimi nina masikio. Alitangaza Jumapili, mbele ya kanisa zima, kwamba kila Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja, nitakuwa stoo nikimsikiliza Mungu. Akaniambia pembeni kwamba atafunga kwa nje ili watu wasinisumbue. Hakuna aliyeona jambo la ajabu, hata mimi. Nilimwambia asante.

Stoo ilikuwa nusu ya chumba. Hapo awali kilikuwa chumba kimoja nyuma ya madhabahu, kisha wakakigawa kwa ukuta wa mbao. Upande mmoja ukawa wa maombi ya akina mama, upande wa pili ukawa wa vitu. Mbao ziliwekwa zikiwa mbichi, na ukame ukazikausha, hivyo kati ya ubao na ubao palikuwa na ufa ambao ungeweza kupitisha kadi ya shule. Kulikuwa na magunia ya mahindi ya manjano yaliyonukia vumbi na dawa, ngoma mbili, sanduku la bati lenye vitabu vya nyimbo vilivyoliwa na mchwa, na kibao cha darasa langu ambacho nilikalia. Dirisha lilikuwa la waya, ukubwa wa sinia. Kupitia hapo niliona mgunga mmoja, choo, na kipande cha njia ya kwenda mtoni. Ukitaka kwenda choo ungegonga mlango na kungoja mtu apite, na mchana huo hakuna mtu aliyepita. Nilijifunza kutokunywa chai ya saa sita.

Maagizo ya Mwalimu yalikuwa mafupi. Niliyaandika kwenye jalada la daftari, na bado yanasomeka: usiombe kitu, nyamaza, akisema andika. Nami kwa kuwa ni mtu wa kufuata maagizo, nilinyamaza na kuandika nilichosikia. Kurasa za kwanza za daftari lile ni orodha tu. Bati likipanuka kwa joto, mara ishirini na sita. Mashine ya kusaga ikianza, ikizimika. Mbuzi. Tumbo langu. Mtu akimwita Njeru, Njeru haitiki. Panya, ama mchwa. Leo nikizisoma kurasa hizo naona kitu ambacho wakati ule sikukiona: kwamba kwa mwezi mzima sikuandika neno ambalo halikusemwa. Nimeketi tangu wakati ule katika mikutano mingi ya maombi ambapo watu husema Mungu ameniambia hivi, Mungu ameniambia vile, kwa haraka kama wanaosoma bei, na mara nyingi nimeikumbuka orodha ile ya bati na mbuzi. Ilikuwa ya kweli. Lakini msichana aliyeiandika aliona tu kwamba hajapata wimbo, na kwamba barua inangoja.

Jioni tulikula jikoni kwa Mama Mugo, mke wa mwinjilisti, mwanamke mpana aliyepakua chakula bila kukitazama. Ilikuwa githeri ya yale mahindi ya manjano na kunde, mahindi magumu yaliyochemshwa tangu asubuhi na bado yakakataa kupasuka, na siku njema kulikuwa na uji wa mtama. Kila Jumanne na Alhamisi aliniuliza swali moja, kama mtu anayeuliza kama barua zimefika posta.

"Amesema?"

"Bado, Mama."

"Labda ni hii njaa. Kula."

Siku moja nilimuuliza mumewe kuhusu barua yangu, akajibu kwamba yeye ni wa kuhubiri, mambo ya karatasi ni ya Mwalimu. Mwalimu naye alisema barua ameshaiandika, inangoja muhuri. Muhuri ulikuwa ndani ya mkoba, mkoba ulikuwa mkononi mwake, na alikuwa akiongea nami. Aliongeza kwamba tukirudi kutoka Embu tutamaliza yote. Hapo nilielewa kwamba bila nyimbo sitatoka Siakago. Kurudi Muthara mikono mitupu sikuweza, na mahali pengine pa kwenda sikuwa napo. Nilirudi kwenye kibao changu Alhamisi iliyofuata nikiwa nimebana kalamu kama mtu aliyeshika upanga.

Akina mama walikutana upande wa pili kila Alhamisi saa tisa. Walikuwa sita, saba, wakija mmoja mmoja, wakianza na mazungumzo. Waliongea Kimbeere, lugha ya huko, na mimi Mtigania wa Meru nilikielewa kama mtu anayetazama kupitia pazia: watu unawaona, sura huzioni vizuri. Walilalamikia foleni ya DO. Mmoja alisema hata kuku wake wameyakataa mahindi yale, na mwenziwe akamuuliza kuku hao walisomea wapi. Wakacheka, kisha mtu akasema tuombe, na sauti zikashuka, wakaomba mmoja baada ya mwingine. Wengi waliomba kama tulivyofundishwa kanisani, kwa maneno makubwa yaliyopangwa. Mmoja tu aliomba kama anayeongea na jirani juu ya ua. Huyo alikuwa Mama Wambeti. Nilimjua kwa sauti kwa sababu binti yake, Wambeti, alikuwa darasani mwangu, miaka mitano, na mama huyo alikuwa akimleta asubuhi na kusimama kidogo mlangoni. Mumewe alikuwa ameenda kufanya kazi kwenye ujenzi wa bwawa kule Tana, na mavuno mawili yalikuwa yamepita bila yeye kuja wala kuandika.

"Nimefagia uwanja," alisema, "kila asubuhi nafagia, na sijui ni nani namfagilia."

Hakuomba kitu. Nami nikaandika maneno hayo kwa Kiswahili, haraka, kabla hayajapoa, na kwenye pambizo nikaweka tarehe na neno "ukutani". Ilikuwa tabia yangu, kila kitu niwekee alama kilikotoka. Alhamisi ya pili alisema kwamba amepunguza unga kwenye sufuria lakini sahani bado anaiweka. Ya tatu alisema kwamba njiani watu wanamuuliza, naye amemaliza majibu. Mistari mitatu. Sauti ya wimbo ilikuja yenyewe, ikiwa imekaa juu ya maneno hayo kama ndege juu ya waya, na nilipouimba kwa mazoezi mzee wa baiskeli hakucheka. Mwalimu Ireri alisema ni mzuri, lakini haujaisha. Mtu huyu ameongea, alisema, na hajajibiwa. Rudi stoo.

Alhamisi ya nne akina mama hawakuja. Gari la mahindi lilikuwa limefika na Siakago nzima ilikuwa kwa DO. Mwalimu naye alikuwa na haraka. Alinisukumia mlango, nikasikia hatua zake zikiondoka, na baada ya muda nikagundua kwamba sikusikia kufuli. Nilingoja. Upepo ulipokuja mlango ulijifungua wenyewe kiasi cha kiganja, na mwanga mweupe ukaingia ukalala juu ya magunia. Ningeweza kutoka. Ningeenda mtoni, ningekaa kwa Mama Mugo, ningepanda hata lori la kurudi Embu. Niliutazama ufa ule wa mlango kwa dakika nyingi, na sikutoka. Nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini. Nadhani kufuli ilikuwa imeingia mahali pengine, ndani yangu, na mlango wa mbao haukuwa na habari. Kama ningetoka ningekuwa bado nimefungiwa na barua, na muhuri, na uongo wa mtoni, na wimbo wenye mistari mitatu ya mtu mwingine. Nilikaa kwenye kibao. Kwa mara ya kwanza siku ya Alhamisi sikuwa na mtu wa kumsikiliza kwa siri. Bati lililia, nikaacha kulihesabu. Sikuomba, wala sikungoja wimbo. Nilimfikiria tu yule mama akiweka sahani. Nilimfikiria kwa muda mrefu, bila kalamu. Nilipotazama dirishani kivuli cha mgunga kilikuwa kimefika chooni, yaani saa kumi na moja, na kwenye daftari kulikuwa na mstari wa nne. Nakumbuka kalamu ikiandika. Sikumbuki ni nini kilichoniletea maneno.

*Rudisha figa mahali pake; moto huu niliuwasha mimi.*

Figa, kwa asiyejua, ni jiwe moja kati ya matatu yanayobeba chungu jikoni. Jumapili ya baadaye kwaya iliuimba wimbo wote. Sauti nzito zilichukua mstari wa mwisho peke yao, polepole, kama mtu mkubwa anayejibu. Nilikuwa safu ya kwanza, hivyo nilimwona Mama Wambeti akisimama kutoka benchi la tatu kabla hatujamaliza. Hakulia. Alingoja tunyamaze, akasema kwa Kimbeere, akimtazama mwinjilisti, kwamba wiki hii alikuwa amefunga mizigo yake arudi kwao pamoja na watoto, na kwamba Mungu amemjibu, naye atakaa. Akaketi. Kanisa likasema amina. Nilikuwa nimetaka barua ya chuo, na badala yake nilikuwa nimemfunga mwanamke kwenye uwanja usio na mtu wa kufagiliwa.

Nilimfuata Mwalimu Ireri siku hiyo hiyo, kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, nikamwambia yote: ufa wa mbao, Alhamisi tatu, hata uongo wa mtoni. Alinisikiliza akifungua na kufunga kifungo cha mkoba. Nilitarajia anifukuze. Nadhani nilitaka anifukuze.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Hayo usimwambie mtu mpaka turudi kutoka Embu," alisema.

Na Jumanne akanifungia tena. Miezi mitatu iliyobaki ilikuwa mibaya kuliko ya kwanza. Alhamisi akina mama walipoingia nilijiziba masikio kwa pamba iliyotolewa kwenye mto wa kulalia, nikakaa nikisikia damu yangu. Hata hivyo sauti zilipita. Tena nilihisi kama wameanza kuomba kwa nguvu zaidi, na karibu zaidi na ukuta, na nilidhani ni adhabu yangu. Sikuandika hata neno moja lao. Nyimbo mbili nilizotoa kwa ajili ya Embu zilikuwa za kawaida, zenye Bwana wa mabwana na mlima Sayuni, na nilipoulizwa nilipewa wapi nilisema stoo, jambo ambalo angalau lilikuwa kweli kuhusu mahali. Kila asubuhi Mama Wambeti alimleta binti yake, akanisalimia, akasimama kidogo mlangoni kama kawaida. Nilimsalimia nikitazama ubao. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Mara zote mbili niliona barua ikiwa ndani ya mkoba bila muhuri, nikamuuliza kama mtoto amekula.

Embu tulishika nafasi ya pili. Mwalimu alipiga muhuri barua yangu pale pale uwanjani, akiuweka mkoba gotini, akaupulizia wino ukauke. Nilienda chuoni Januari. Sikumuaga Mama Wambeti.

Nilifundisha, nikaolewa, nikafiwa na mume, nikastaafu, na leo nakaa Embu, mtaa wa Majimbo, kwenye nyumba yenye jiko lenye dirisha kubwa. Dirisha hilo nilimsisitizia fundi. Habari za Siakago zilinifikia vipande vipande. Mume wa Mama Wambeti hakurudi. Mama Wambeti alikaa, akalima, akasomesha. Kila niliposikia kwamba bado yupo pale pale, nilihesabu miaka niliyomfungia. Mwaka juzi alikuja Embu kutibiwa macho, na Wambeti, ambaye sasa ni mwalimu kama mimi, akaniomba nimpokee siku tatu. Siku ya pili, saa nne asubuhi, nikimkatia viazi na yeye ameketi karibu na dirisha akiwa na kitambaa jichoni, nilimwambia. Nilimwambia kama ninavyoandika hapa, kwa mfuatano, pamoja na ufa na pamba. Alitafuna chapati yake mpaka nikamaliza.

"Nkatha," alisema, "sisi tulijua uko humo. Ulikuwa ukikohoa."

Nikaweka kisu chini.

"Yale mahindi yalikuwa na vumbi," alisema. "Alhamisi ya kwanza tulisikia mtu anakohoa, tukasema ni yule kamwalimu wa Meru, amefungiwa, maskini. Mimi nilikuwa naongea na Mungu, na wewe ukisikia pia si mbaya. Nani mwingine alikuwa ananisikia? Baada ya wimbo wangu kuimbwa, hao wengine walianza kuomba wakielekea kwako. Mama Muthoni alikasirika mpaka Krismasi kwa sababu hukumtolea wake."

Alicheka, na kitambaa kikateleza, nikamrekebishia. Nilimuuliza basi kwa nini alisema amejibiwa, kama alijua maneno ni yake. Aligeuza kikombe.

"Yale matatu yalikuwa yangu. Mtu hajibiwi na maneno yake. Ni lile la figa lililonijibu."

Akanieleza. Jumatano ya wiki ile, jioni, baada ya watoto kula, alikuwa ameng'oa figa moja jikoni kwake. Aliona kwamba akiacha mawe matatu atapika tena asubuhi, na akipika atakaa. Bila jiwe moja hakuna pa kuweka chungu, itabidi aende. Hakumwambia mtu. Jiwe aliliweka nyuma ya mlango, akalifunika kwa gunia. Alhamisi asubuhi watoto walikula viazi vya kuchoma. Jumapili akatuma mizigo mbele, akaja kanisani kuaga kimoyomoyo, akaketi benchi la tatu. Aliporudi nyumbani alilirudisha jiwe kabla ya kuvua viatu. Nilimuuliza, kwa sababu ilikuwa lazima niulize, kama hakujuta kukaa. Alisema kuna miaka alijuta, na kuna miaka hakuwa na nafasi ya kujuta. Alisema kama angeondoka mashemeji wangelima mpaka mlangoni, na watoto wake wangekuwa wageni mahali pote. Kisha akauliza kama viazi vile ni vya leo ama vya kesho.

Hayo ndiyo niliyoyasema kwenye mazishi, kwa dakika tisa badala ya mbili, mwendesha ratiba akinionyesha saa yake. Nilisema kuhusu ukuta na kikohozi, na wazee wachache waliokuwepo mwaka ule walicheka. Kuhusu mstari wa nne nilisema sijui, nikaketi.

Na sijui kweli, ingawa nimetafuta. Njia ya mtoni ilipita chini ya boma lake, na kila siku niliipita na mtungi. Lakini jiwe lilikuwa ndani, nyuma ya mlango, chini ya gunia. Alhamisi ile hakukuwa na mtu ukutani. Mwalimu Ireri, ambaye sasa anasahau hata kama amekula, anasema hakuwahi kugusa daftari langu, na mwandiko ni wangu. Nilibaki na njia moja. Baada ya kaburi kufunikwa, watu wakiwa kwenye foleni ya pilau, nilimpata Wambeti kando ya tangi la maji akinawa mikono. Nilimuuliza kama anaikumbuka Alhamisi moja aliyokula viazi vya kuchoma asubuhi, kisha akaja darasani, na kama huenda aliniambia kwamba mama ametoa jiwe jikoni. Watoto wa miaka mitano husema mambo kama hayo, na mwalimu huitikia bila kusikia, akiendelea kuandika ubaoni.

Wambeti alisimama akidondosha maji vidoleni. Alifikiri kwa uaminifu, kama mama yake. Alisema anakumbuka uji wa kanisani, na kibao, na kwamba nilikuwa nikiwaambia kila wakati wanyamaze. Jiwe hakumbuki. Anaweza kuwa alisema, anaweza kuwa hakusema.

Daftari liko hapa mezani Majimbo. Mstari wa kwanza, pambizoni, una tarehe na neno "ukutani". Wa pili una tarehe na neno "ukutani". Wa tatu pia. Wa nne una tarehe peke yake.